Walimu wa Mchana, Wanafunzi wa Jioni

Mtu aendaye kukaa katika nchi ya mbali huchukua mizigo miwili. Mmoja ni wa nguo na vyombo. Wa pili ni wa matarajio, nao mara nyingi ndio ulio mzito zaidi. Hutarajia mshahara, heshima, na mambo ya kusimulia siku ya kurejea. Hutarajia pia homa, upweke, na chakula kilicho kigeni kwa ulimi. Aghalabu mambo hayo huyapata kwa kadiri, mema na mabaya. Lakini wengi walioishi ugenini miaka mingi, wakaandika habari zao, hushuhudia kwamba furaha iliyodumu kuliko zote haikuwamo katika mzigo wa matarajio. Ilikutwa njiani, nayo ilitoka mahali wasipopadhania.

Insha hii yachunguza furaha ya namna hiyo: ilitoka wapi, ilimjia nani, na ilidai malipo gani. Mfano wetu utakuwa mji mmoja na wakati mmoja, yaani mji wa Tokyo katika miaka 20 hivi iliyofuata mwaka 1868, na mashahidi wetu watakuwa wageni watatu waliokwenda huko kufundisha.

Kabla ya mwaka 1868 mji huo uliitwa Edo. Ulikuwa makao ya Shogun, jemadari mkuu wa ukoo wa Tokugawa, aliyetawala Japani kwa jina la mfalme, ilhali mfalme mwenyewe alikaa Kyoto. Hukadiriwa kwamba katika karne ya 18 wakazi wa Edo walipata milioni 1, hata ukahesabiwa pamoja na miji mikubwa kabisa ya dunia. Mwaka 1868 utawala wa Shogun ulianguka, mji ukapewa jina la Tokyo, maana yake Mji Mkuu wa Mashariki, na mwaka uliofuata Mfalme Meiji, aliyekuwa kijana bado, akahamia huko.

Serikali mpya ilirithi fedheha. Kwa mapatano ya mwaka 1858, mgeni wa nchi kubwa za Magharibi aliyetenda kosa katika Japani hakuhukumiwa na kadhi wa Japani bali na balozi wa kwao, wala Japani haikuwa na uhuru wa kupanga ushuru wa forodha yake. Wakubwa wa serikali waliona kwamba njia ya kujivua fedheha hiyo ilikuwa kujifunza kwa haraka yale yaliyowapa wageni nguvu: uhandisi, utabibu, sheria, ubaharia na elimu ya viumbe. Wakawaajiri walimu kutoka Uingereza, Marekani, Ujerumani, Ufaransa na kwingineko kwa mikataba ya miaka michache. Baadhi yao walilipwa mishahara iliyolingana na ya mawaziri, au hata kuipita. Wahenga wetu walisema kwamba mgeni hukaa siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Wageni hao walipewa jembe siku ya kwanza, na tena waliambiwa mapema kwamba watakapomaliza kuwafundisha wenyeji kulishika, safari yao itakuwa imekwisha. Waliitwa ili siku moja wasihitajiwe.

Katika hali hiyo mgeni aliweza kuishi namna mbili. Namna ya kwanza ilikuwa rahisi. Mtaa wa wageni ulifunguliwa Tsukiji, kando ya maji, mwaka 1869. Na walioajiriwa na serikali walipewa ruhusa na nyumba mahali pengine mjini, nyingi zikiwa zimejengwa kwa mfano wa Ulaya. Mtu aliweza kutoka katika nyumba ya kizungu akaenda darasani, akafundisha kwa Kiingereza, akarudi jioni kula chakula cha kwao na kusoma magazeti ya kwao yaliyochelewa wiki nyingi baharini. Aliweza kukaa hivyo mpaka mkataba wake uishe, akaondoka na akiba nzuri, asijue hata jina la barabara iliyopita nyuma ya nyumba yake. Namna ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu ilimtaka mwalimu akubali kuwa mjinga tena.

Shahidi wetu wa kwanza ni Edward Sylvester Morse, Mmarekani aliyezaliwa Portland, katika jimbo la Maine, mwaka 1838. Hakwenda Japani kutafuta mji wala watu. Alikwenda kutafuta wanyama wadogo wa baharini wenye makombe mawili mfano wa kome, ambao alikuwa akiwachunguza kwa miaka mingi, naye alisikia kwamba bahari ya Japani ina wengi. Alishuka Yokohama mwezi Juni 1877, wakati vita vya Satsuma vilipokuwa vikipiganwa kusini ya nchi. Chuo Kikuu cha Tokyo kilikuwa kimeanzishwa miezi miwili tu kabla yake, na mara akaombwa awe mwalimu wake wa kwanza wa elimu ya wanyama kwa mkataba wa miaka miwili.

Kati ya Yokohama na Tokyo palikuwa na reli ya maili 18 hivi, iliyofunguliwa mwaka 1872. Siku zake za mwanzo, akiwa ndani ya gari la moshi, Morse alitazama nje karibu na kituo cha Omori akaona ukingo uliokatwa na wajenzi wa reli, nao umejaa makombe meupe. Wasafiri wengi walikuwa wamepita pale kwa muda wa miaka mitano wakaona udongo na takataka. Yeye aliyezoea makombe alijua kwamba anaona jaa la watu wa kale. Mwezi Septemba alikwenda na wanafunzi wake kuchimba, wakatoa vigae vya vyungu, mifupa na vyombo vya mawe. Kitabu chake juu ya kazi hiyo kilitolewa mwaka 1879. Humo alieleza vigae vilivyotiwa alama za kamba, na kutokana na maelezo hayo lilipatikana neno la Kijapani Jomon, ambalo leo ni jina la zama zote zile za kale katika historia ya Japani.

Hiyo ilikuwa furaha ya mtaalamu, na twaweza kusema kwamba mtaalamu angeipata popote penye jaa la kale. Lakini katika daftari zake, ambazo baadaye zilitolewa kuwa kitabu kiitwacho *Japan Day by Day* mwaka 1917, twaona furaha ya namna nyingine ikiingia kidogo kidogo, kama maji yanavyoingia katika mchanga. Alisikiliza sauti ya mitalawanda ya watu wengi ikigonga daraja la mbao. Aliona watoto wakibebwa mgongoni mchana kutwa, akastaajabu jinsi walivyolia kwa nadra. Aliacha fedha ndogo na vitu vyake mezani katika chumba kisicho na kufuli, watumishi wakipita humo mara nyingi kwa siku, wala hakikupungua kitu. Usiku wa sikukuu ya mto Sumida alikwenda kutazama fataki. Mashua zilijaa mtoni, zikiwa na taa za karatasi, zikigongana na kusukumana gizani. Naye alitega sikio asikie matusi, kwa kuwa ndivyo alivyozoea kwao palipo na msongamano wa namna ile. Alisikia maneno ya kushukuru na ya kutaka radhi tu.

Msomaji atambue kwamba jambo lililomfurahisha mtu huyu halikuwa uzuri wa mji kwa macho. Tokyo ya wakati ule ilikuwa mji wa nyumba za mbao zenye rangi ya kijivu, ulioungua mara kwa mara, na kipindupindu kilizuka nchini mwaka ule ule wa 1877. Kilichomfurahisha ni kuona kwamba mambo aliyoyadhania kuwa ni tabia ya binadamu wote, kama vile wizi wa vitu vidogo na ugomvi wa msongamano, yalikuwa tabia ya mahali fulani tu. Kugundua hivyo ni kama kufungua dirisha katika ukuta ambao mtu aliuhesabu kuwa mwisho wa nyumba.

Basi Morse akaanza kuuliza. Aliuliza jinsi paa lilivyofungwa, mikeka ilivyopimwa, mlango wa karatasi ulivyoteleza katika mfereji wake, kisima kilivyochimbwa, na jiko lilivyowekwa. Alikuwa na kipaji cha kuchora, tena kwa mikono yote miwili, na kila alichoonyeshwa alikichora. Matunda yake ni kitabu cha mwaka 1886 juu ya nyumba za Wajapani, chenye michoro yapata 300. Mafundi wa Japani walioonyesha kazi zao kwa mgeni huyo hawakujua kwamba walikuwa wakimpa somo, lakini lilikuwa somo kweli, na mwanafunzi alikuwa profesa.

Kisha likaja jambo la vyombo vya udongo. Husimuliwa kwamba siku moja, katika matembezi yake mjini, aliona dukani kisahani cha bei ndogo kilichofinyangwa kwa umbo la kombe. Alikinunua kwa ajili ya kombe, si kwa ajili ya ufinyanzi. Lakini kisahani kilimwongoza kwenye kingine, na kingine kikamwongoza kwa Ninagawa Noritane, Mjapani mjuzi wa vitu vya kale, aliyemfundisha kutambua chombo kwa udongo wake, kwa rangi yake, kwa alama ya mfinyanzi na kwa uzito wake mkononi. Mchana Morse alisimama mbele ya vijana wa Kijapani akiwafundisha mawazo ya Darwin juu ya asili ya viumbe, na mihadhara yake ya mwezi Oktoba 1877 huhesabiwa miongoni mwa ya kwanza ya elimu hiyo katika nchi ile. Saa nyingine aliketi chini mbele ya Ninagawa akikosea na kusahihishwa. Miaka michache baadaye, aliporejea Tokyo akiwa na umri wa miaka 44, alikwenda kwa Umewaka Minoru, bingwa wa tamthilia za kale ziitwazo No, akajifunza kuimba nyimbo zake. Hapana faida yoyote ya kazi iliyomlazimisha kufanya hivyo.

Shahidi wa pili ni Basil Hall Chamberlain, Mwingereza aliyefika Japani mwaka 1873 akiwa na umri wa miaka 22 na afya dhaifu. Alipata kazi ya kufundisha Kiingereza katika chuo cha wanamaji. Mwalimu wake wa kwanza wa Kijapani alikuwa samurai mzee ambaye bado alifunga nywele kwa namna ya zamani na kuvaa panga mbili kiunoni. Sheria ya kukataza panga hadharani ilitolewa mwaka 1876; kwa hiyo yule kijana alipata kujifunza lugha kutoka katika kinywa cha zama zilizokuwa zikifunga mlango. Alijifunza kwa bidii hata akatafsiri *Kojiki*, kitabu cha kale cha asili ya Wajapani, na mwaka 1886 Chuo Kikuu chenyewe kikamfanya kuwa mwalimu wa lugha ya Kijapani. Mgeni akawafundisha wenyeji elimu ya lugha yao! Lakini asingefika hapo kama hakuketi kwanza mbele ya mzee mwenye panga mbili.

Shahidi wa tatu ni Josiah Conder, msanifu wa majengo kutoka London, aliyefika mwezi Januari 1877 akiwa na umri wa miaka 24. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha vijana kujenga kwa mawe na matofali kama watu wa Ulaya. Miongoni mwa majengo yake lilikuwa Rokumeikan, jumba lililokamilika mwaka 1883, ambamo wakubwa wa Japani waliwaalika mabalozi wacheze dansi, kwa tumaini kwamba mataifa yakiwaona katika mavazi ya Ulaya yatakubali kubadili mapatano ya mwaka 1858. Katika miaka ile ile ambayo Wajapani walijifunza dansi ya Ulaya ndani ya jumba la Conder, Conder mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa Kawanabe Kyosai, mchoraji mashuhuri mpenda pombe na dhihaka, aliyepata kufungwa mwaka 1870 kwa sababu ya picha za kuwakejeli wakubwa. Alianza kujifunza kwake mwaka 1881, akadumu mpaka mwalimu alipofariki mwaka 1889. Kyosai alimpa jina la uanafunzi, Kyoei: nusu ya jina hilo ilitoka katika jina la mwalimu, na nusu ya pili ni herufi iandikwayo katika jina la Uingereza. Conder aliandika vitabu juu ya sanaa ya kupanga maua, juu ya bustani za Japani, na hatimaye, mwaka 1911, juu ya mwalimu wake.

Tukiwalinganisha watu hawa watatu twaona kwamba furaha yao ilikuwa ya jinsi moja. Walikwenda kutoa, wakafurahi kwa kupokea. Methali yetu yasema kwamba mgeni ni kuku mweupe: kila jicho lamwona. Kuonwa huko humchosha mtu anayetaka heshima tu, kwa kuwa kila kosa lake ni hadharani. Lakini aliyejikubali kuwa mwanafunzi hana heshima ya kulinda. Kosa lake ni sehemu ya somo, na kicheko cha wenyeji ni sahihisho lisilotozwa ada. Ndiyo sababu mji mkubwa, ambao huogofya mgeni kwa wingi wa watu wasiomjali, uliwafungukia hao kama nyumba yenye vyumba vingi, na katika kila chumba palikuwa na mwalimu.

Hata hivyo haitoshi kuisifu furaha hiyo; haki yataka tuulize ililipiwa na nani. Wageni hawa waliishi chini ya kivuli cha mapatano yaliyoidhalilisha nchi iliyowakirimu, nayo hayakuondolewa kabisa katika mambo ya mahakama mpaka mwaka 1899. Tena, bei ndogo ya vitu vizuri madukani ilikuwa na sababu yake. Mwaka 1876 serikali ilikomesha posho za samurai, na familia nyingi zilizokuwa na cheo ziliuza hazina za mababu ili zipate chakula. Tangu mwaka 1868 mahekalu mengi ya Kibudha yaliporwa au kuvunjwa, na wenyeji waliovutwa na mambo mapya waliviona vitu vya kale kuwa ni aibu ya jana. Kilichokuwa raha ya mnunuzi kilikuwa mara nyingi msiba wa muuzaji.

Morse hakusimama nje ya jambo hilo. Mwaka 1882 alirudi Japani pamoja na tajiri wa Boston, William Sturgis Bigelow, na pamoja na Ernest Fenollosa, ambaye alikuwa amekwenda Tokyo mwaka 1878 kwa pendekezo la Morse, wakasafiri na kununua. Mwaka 1892 vyombo vya udongo vya Morse, yapata 5,000, vikawa mali ya makumbusho ya sanaa ya Boston. Watetezi wake husema kwamba vingi vingevunjika au kupotea kama hakuviokota. Na kweli, pamoja na vyombo vya thamani alikusanya kwa ajili ya makumbusho ya mji wa Salem mitalawanda, vitana, zana za maseremala na hata peremende, vitu ambavyo hakuna aliyefikiri kuvihifadhi. Wapinzani husema kwamba kitu kilichookolewa na kuhamishwa si sawa na kitu kilichookolewa mahali pake. Kila upande una hoja yake. Lakini historia yenyewe yaonyesha kwamba kupenda kwa wageni kuliwashtua wenyeji: Fenollosa na mwanafunzi wake Okakura Kakuzo walishiriki katika kuchunguza hazina za mahekalu, na mwaka 1897 Japani ilitunga sheria ya kuhifadhi mahekalu ya kale pamoja na hazina zake. Mgeni aliyejifunza kupenda kitu cha mwenyeji aweza kumkumbusha mwenyeji thamani yake. Aweza pia kukichukua. Aghalabu mkono ni mmoja.

Kwa hiyo furaha ya ugenini ina deni ndani yake, na tofauti kati ya mgeni na mgeni ni jinsi anavyolikumbuka deni hilo. Conder alilipa kwa maisha yake. Wanafunzi wake wanne wa kwanza walihitimu mwaka 1879. Mmoja wao, Tatsuno Kingo, alijenga Kituo Kikuu cha Tokyo kilichofunguliwa mwaka 1914, na mwingine, Katayama Tokuma, alijenga kasri la Akasaka. Walichukua nafasi ya mwalimu wao, kama ilivyokusudiwa tangu mwanzo, wala yeye hakuondoka kwa uchungu. Alioa Mjapani, akaendelea kujenga, na alipofariki mwezi Juni 1920, siku 11 baada ya mkewe, wote wawili walizikwa katika hekalu la Gokokuji mjini Tokyo. Rokumeikan ilivunjwa muda mfupi kabla ya vita kuenea Pasifiki. Jumba alilomjengea Iwasaki mwaka 1896, karibu na Ueno, lasimama hata leo.

Morse naye alirudi kwao, akawa mkuu wa taasisi ya elimu huko Salem kwa miaka mingi, wala hakuiona Japani tena baada ya mwaka 1883. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa la ardhi na moto uliofuata viliangamiza sehemu kubwa ya Tokyo na Yokohama. Maktaba ya Chuo Kikuu iliungua pamoja na mamia ya maelfu ya vitabu. Habari hizo zilimfikia Morse akiwa na umri wa miaka 85. Alikwisha andika wasia juu ya mali yake, naye akaubadili, akaagiza kwamba vitabu vyake vyote vya elimu vipelekwe kwenye chuo kile alichofundisha miaka miwili tu, karibu nusu karne nyuma. Alifariki mwezi Desemba 1925, na vitabu yapata 12,000 vikavuka bahari kwenda Tokyo.

Mkataba wake ulikuwa umekwisha tangu mwaka 1879, na hakuna aliyemdai kitu. Lakini mtu aliyewahi kuwa mwanafunzi katika mji fulani hawi tena mgeni kabisa kwake. Msiba wa mji ule humfikia popote alipo, naye huukuta umekwisha kuwa wake.